Msalaba Namba 0417

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimetundika msalaba ukutani. Chumba cha kungojea, ofisi ya vizazi na vifo, juu kabisa ya Dirisha la Kwanza, ambalo ni langu. Misumari miwili, nyundo ya kuazima stoo. Hakuna aliyeniuliza kitu.

Nieleze kisa kizima, ili nikija kuwa mkubwa nisome na kujipongeza. Msimamizi wa masijala amestaafu na kiti chake kiko wazi, pamoja na mto wake wa kukalia. Usaili ni baada ya wiki mbili. Tunaoshindana ni wawili: mimi, miaka kumi na moja kwenye dirisha, na mama anayekaa Dirisha la Pili, miaka sita. Humu nitamwita hivyo hivyo, Dirisha la Pili. Yeye ana mwandiko mzuri na subira. Mimi nina akili.

Mkuu mpya wa ofisi amefika Ijumaa. Dereva wake kaninong'oneza kwamba ni mzee wa kanisa, mtu wa sala asubuhi na jioni. Nikasema moyoni, hapo hapo. Mtu wa sala akipita akakuta msalaba juu ya dirisha langu, atauliza ni wa nani. Ataambiwa ni wangu. Mengine yatajipa.

Msalaba wenyewe nimeuazima kwa Mama. Baba aliuchonga kwa mkono wake mwaka waliooana, mti mgumu mweusi, urefu wake toka kiwiko hadi ncha za vidole. Umekaa juu ya kitanda cha Mama miaka arobaini na tatu. Mama ni mgonjwa, moyo na miguu ya kuvimba, siku hizi haondoki kitandani. Jana nilimwambia ofisi inauhitaji kidogo. Akauliza kwa kazi gani. Nikasema kazi ya serikali. Akasema basi wiki mbili, zisizidi, maana macho yamemwishia na huo ndio anaoutafuta kwa mkono akiamka. Dada yangu mkubwa, anayekaa naye, alinitazama kwa jicho baya toka mlangoni. Dada haoni mbali.

Wiki mbili zinanitosha. Simba mwenda pole ndiye mla nyama.

Jumatano, 6 Machi

Mambo yananyooka. Mkuu amepita asubuhi, akasimama, akautazama msalaba kwa muda mrefu. Kisha akaenda zake ofisini kwake. Watu wazito hawasifii hadharani. Nimejihesabia alama ya kwanza.

Mchana wamekuja wapaka rangi wa serikali. Chumba kilikuwa kijani cha zamani, sasa ni cheupe. Waliniuliza kama wautoe msalaba kwanza. Nikawaambia wauzunguke, kitu kitakatifu hakitolewi kwa ajili ya brashi. Ukweli ni kwamba niliogopa: ukitoka hata saa moja, Mkuu atapita saa hiyo hiyo. Wakauzunguka. Kazi safi, kingo zimenyooka.

Jambo dogo. Kabla ya hapo, saa nne hivi, alikuja mzee mmoja, kanzu safi, kofia kichwani, karatasi ya hospitali mkononi. Kafiwa na mkewe. Akakaa kwenye benchi, akainua macho akatazama ukuta, akaitazama karatasi yake, akatazama tena ukuta. Zamu yake ilipofika aliniuliza, kwa adabu kabisa, kama watu wa upande wake wana ofisi yao. Nikamwambia ofisi ni moja tu. Akasema basi atarudi na mwanawe. Akatoka.

Dirisha la Pili aliinuka akamfuata mpaka barabarani. Hakumkuta. Alirudi akaniambia, "Kaka, yule amefiwa, na ameondoka bila alichokijia." Nikamjibu kwamba mlango haukufungwa. Yeye mwenyewe huvaa hijabu, na hajawahi kulalamika juu ya msalaba. Kwa hiyo sioni hoja iko wapi.

Ijumaa, 8 Machi

Pigo. Umekuja waraka kutoka juu. Mkuu ametukusanya kwenye korido akausoma mwenyewe, polepole. Alama zote za dini, ya dini yoyote ile, ziondolewe kwenye kuta za ofisi za umma kabla ya Jumatatu saa mbili. Mfanyakazi abaki na imani yake, ukuta ubaki wa watu wote.

Wenzangu wametii bila hata kusonya. Karani wa viwanja ametoa kalenda yake yenye picha ya msikiti. Mpiga chapa amebandua malaika wake mlangoni, na gundi imeondoka na kipande cha mlango. Mimi nilikuwa namsoma Mkuu usoni. Alikuwa na huzuni. Nina hakika ilikuwa huzuni. Mzee wa kanisa anaamriwa ashushe msalaba, moyo unalia, mdomo umefungwa na cheo. Anangoja mtu wa kumwokoa.

Mtu huyo ni mimi. Tangu msimamizi astaafu, daftari la mali za ofisi nalishika mimi. Na kanuni inajulikana: kitu kikishaingia daftarini kikapewa namba, hakiondoki ofisini mpaka bodi ya uondoshaji ikae. Hata kiti cha mguu mmoja. Tunayo meza iliyobaki miguu mitupu, na bado ina namba.

Saa kumi, watu walipotoka, nimeandika: "Ubao wa ukutani, wenye mikono, mmoja. Namba 0417." Kisha nikachukua rangi nyeupe na brashi ndogo, nikapanda kwenye kiti, nikaandika namba chini ya msalaba, kama tunavyoandika kwenye makabati. Baba alikuwa mkali kwa mtu aliyegusa kazi yake. Lakini Baba naye angeelewa, maana ni kwa faida ya mwanawe.

Jumatatu, 11 Machi

Sijui nianzie wapi.

Mkuu amefika saa mbili kamili, akakagua kila chumba. Kwangu akasimama. Aliuliza kama waraka sikuusikia. Nikamwambia kwa sauti ya chini, huku nikimkonyeza kidogo, kwamba kitu hiki ni mali ya serikali, kimeandikwa, hakuna wa kukigusa. Hakurudisha ukonyezo. Aliomba daftari, akausoma ule mstari mara mbili.

Akanivuta pembeni. Akasema yeye huomba kila asubuhi kabla hajavaa viatu. Ndiyo maana hataki mtu aje hapa na msiba wake, atake karatasi tu, halafu aanze kujiuliza kama wenye dini yake wanahudumiwa. Akasema mzee mmoja amemwandikia barua. Barua yenyewe haina tusi wala lawama, inauliza tu ofisi ya watu kama yeye iko mtaa gani. Mkuu alisema ameisoma mara tatu na kila mara ameona haya. Kumbe ile siku aliyosimama chini ya msalaba hakuwa akinisifu.

Kisha akasema, maadamu imeandikwa kuwa mali ya serikali, na ukutani haikai, basi iende stoo ingoje bodi. Bodi inakaa Agosti.

Agosti.

Aliyeushusha ni mtunza stoo. Tunamwita Funguo, kwa sababu hutembea na funguo kiunoni hata akienda harusini. Alipanda ngazi akautoa, na pale ulipotoka pakabaki msalaba mwingine. Wapaka rangi waliuzunguka, kwa hiyo kijani cha zamani kimebaki kwenye ukuta mweupe, mikono imenyooka, unaonekana vizuri kuliko ule wa mti. Mkuu aliutazama, halafu akanitazama mimi. Akauliza rangi. Rangi imekwisha na wapaka rangi wameshahamia wilaya nyingine. Dirisha la Pili aliinamia makaratasi yake, mabega yanamtikisika.

Jumanne, 12 Machi

Dada amepiga simu saa moja asubuhi. Mama amezidiwa. Daktari amekuja mpaka nyumbani, akasema moyo umechoka, tukae tayari. Mama hataki kurudishwa hospitali. Akiamka anapapasa ukuta juu ya kitanda, hakuti kitu, anamuuliza Dada baba yenu amekwenda wapi. Dada akaniambia, "Mdogo wangu, ulete leo." Nikamwambia kuna taratibu. Akauliza taratibu gani hizo kati ya mtoto na ukuta wa mama yake. Nikasema simu inakatika. Haikuwa inakatika.

Nimekwenda stoo. Funguo kanieleza kwamba kitu hutoka kwake kwa njia tatu: kwenda matengenezo, kuazimwa na ofisi nyingine, au bodi. Nikachagua matengenezo. Nikajaza fomu, kwamba mbao zimelegea, zinahitaji fundi. Funguo akautoa nyuma ya mashine mbovu za chapa, akaushika kwa mikono miwili, akaujaribu kuupinda, akaugonga kwa kifundo cha kidole. Akasema aliyetengeneza hiki alikuwa fundi hasa. Hakuna msumari hata mmoja, mbao zimeshikana zenyewe, na kitatuzika sote. Akaichana fomu yangu vipande vinne.

Niliona fahari kwa ajili ya Baba. Muda huo huo nikainama kuokota vile vipande vinne.

Alhamisi, 14 Machi

Nimepata njia. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na zangu bado ni nyingi.

Fundi wa milango nyuma ya soko amenichongea msalaba mwingine, kipimo kile kile. Mti wake ulikuwa mweupe, tukausugua kwa dawa ya viatu mpaka ukawa mweusi. Nia ya kwanza ilikuwa kuuingiza huu stoo kwa siri na kuutoa wa Baba. Lakini Funguo habanduki stoo. Chakula chenyewe anakula juu ya mafaili. Nikawaza, kwani Mama anaona? Haoni. Kwa nini nihangaike na Funguo wakati njia fupi ipo?

Nimempelekea jioni. Dada alikuwa jikoni. Chumba kinanuka dawa ya kuchua. Niliutundika juu ya kitanda, nikamwambia Mama kwamba umerudi. Akatabasamu. Akainua mkono, mkono uliobaki mifupa, akaupapasa toka juu kwenda chini. Vidole vikafika pale mikono ya msalaba inapokutana, vikazunguka nyuma, vikatafuta. Vikatafuta tena.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Nyuma ya ule wa Baba kuna mbonyeo. Patasi ilimponyoka akajikata, Mama akamfunga kidole kwa kitambaa alichokuwa amejifunga kichwani, wakiwa na mwezi mmoja wa ndoa. Mbonyeo unaingia dole gumba barabara. Sote tulipokuwa wadogo tulipanda kitandani tukaingiza vidole vyetu humo, tukipimana nani amekua.

Mama akashusha mkono. Akaniuliza taratibu kama wa Baba umepotea. Nikamwambia haujapotea, uko mahali salama, una namba. Akasema basi hiki nikirudishe kwa mwenyewe, yeye atangoja. Hakuniita mwongo. Afadhali angeniita. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa dawa ya viatu. Nikavifuta kwa leso yangu kimoja kimoja, na nikiwa namfuta machozi yakanitoka. Akanipapasa kichwa kwa mkono wa pili.

Dada aliushusha ule wa fundi, akaufunga gazeti, akanikabidhi kama mtu anayerudisha sahani ya jirani. Hakuniaga.

Jumapili, 17 Machi

Nimeshinda kwa Mama. Anapumua kwa shida, anaongea kidogo kidogo. Aliuliza leo siku gani. Dada akamwambia Jumapili. Mama akahesabu kwa vidole juu ya shuka, akasema wiki mbili zimetimia.

Nikasema kesho.

Dada alitoka nje. Nilimkuta uani anafua, akaniambia bila kugeuka kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Nikamjibu haraka haraka haina baraka. Alilikamua shuka kwa nguvu mpaka nikajishika shingo.

Jumatatu, 18 Machi

Saa ya chakula Dirisha la Pili amevuta kiti akakaa mbele yangu. Sikuwahi kumweleza, lakini ofisi haina siri. Funguo anasimulia kila kitu isipokuwa mahali anapoficha sukari. Akaniuliza kwa nini situmii wino mwekundu.

Kanuni ya wino mwekundu naijua. Mimi ndiye niliyemfundisha yeye. Kitu kikiandikwa daftarini kimakosa, aliyeandika anapiga mstari mmoja mwekundu juu yake, anaandika maelezo ya nusu ukurasa, kwamba niliandika hivi, si kweli, na sababu ni hii. Anatia sahihi, Mkuu anatia sahihi. Dakika kumi. Kitu kinarudi kwa mwenyewe siku hiyo hiyo. Niliijua kanuni hii Jumanne nilipokuwa najaza fomu ya matengenezo. Niliijua Jumatatu iliyopita, Mkuu akiwa bado ameshika daftari mkononi.

Lakini maelezo yale yanaingia kwenye faili la aliyekosa. Usaili ni kesho saa nne, na faili langu liko mezani kwa Mkuu. Niandike nini? Kwamba niliiandikia serikali mali ya mama yangu ili nionekane mcha Mungu?

Akasema yuko tayari kuniandikia yeye, nami nitie sahihi tu. Huyu anakitaka kiti kile kile ninachokitaka. Nikaona mtego. Nilimtazama sana usoni, nautafuta mtego ulipo. Macho yake yalikuwa mekundu. "Kaka, mama hangojeshwi," alisema. Hapo nikakumbuka kwamba wake alifariki mwaka jana. Cheti niliandika mimi, na nilikuwa nimeshasahau.

Nimemwambia nitaandika kesho, usaili ukimalizika. Saa tano hivi. Mama amengoja wiki mbili na siku moja, saa tano si mbali.

Jumanne, 19 Machi

Saa nne kamili niliingia kwenye usaili. Simu nilikuwa nimeizima, ndiyo adabu. Walikuwa watatu, Mkuu katikati. Wakanipima sheria, nikajibu. Wakanipima taratibu za kutunza kumbukumbu, nikajibu mpaka nikajipenda.

Swali la mwisho aliuliza Mkuu. Nikigundua kosa kwenye daftari nitafanya nini. Nilijibu vizuri kuliko nilivyowahi kujibu kitu maishani. Nikasema kosa halilazwi. Linasahihishwa saa ile ile, kwa wino mwekundu, na aliyekosa anakiri kwa mkono wake mwenyewe, kwa sababu kila mstari wa madaftari yetu ni maisha ya mtu. Mkuu aliweka kalamu chini. Alinitazama vile vile alivyoutazama ukuta ile siku ya kwanza.

Nilitoka nikaandika maelezo. Nusu ukurasa, hakuna hata neno la kupamba. Mkuu alitia sahihi na hakushangaa. Nadhani alikuwa anayangoja tangu wiki iliyopita. Funguo alikuwa ameshautoa. Aliufuta vumbi kwa shati lake, akaufunga gazeti. Nilipofika barabarani nikawasha simu. Dada alikuwa amepiga mara sita.

Mama amefariki saa nne na dakika ishirini. Dada anasema aliamka, akapapasa ukuta, akauliza kama nimefika. Dada akamwambia yuko njiani.

Sikuwa njiani. Nilikuwa nawaeleza watu watatu kwamba kosa halilazwi.

Nimeuweka mikononi mwake. Nilimwingiza dole gumba kwenye mbonyeo, likakaa mahali pake. Nimeumia, na sijui niandikeje kuumia huku. Dada aliiona namba nyeupe akauliza ni kitu gani. Nikasema aliiandika Baba. Dada akasema Baba hakujua kuandika. Akachukua kitambaa na mafuta ya taa, akakaa kando ya kitanda, akasugua. Sifuri imetoka, nne imetoka, moja imetoka. Saba imeingia kwenye nyufa za mti, haikutoka yote.

Ijumaa, 22 Machi

Tumemzika Mama jana. Msalaba hakuzikwa nao, alishasema ubaki ukutani kwake. Dada ameutundika pale pale, misumari ile ile ya zamani.

Ofisi nzima ilikuja. Mkuu alishika jeneza upande wa kushoto, nyuma yangu. Nilisikia akiomba kwa sauti ya chini njia nzima, na ndiyo mara pekee niliyomsikia. Dirisha la Pili aliosha vyombo na wanawake mpaka jioni. Alikuja na yule mzee wa kofia. Kumbe alimtafuta mpaka akaipata nyumba yake, akampelekea cheti cha mkewe mkononi. Mzee alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili akanipa pole. Nilitaka kumwomba radhi. Nikamwambia ahsante kwa kuja.

Jumatatu, 25 Machi

Leo nimekwenda kuandikisha kifo cha Mama. Karani haruhusiwi kumwandikia ndugu yake, kwa hiyo nilichukua namba nikakaa kwenye benchi kama mtu yeyote. Miaka kumi na moja sijawahi kukaa kwenye benchi lile. Ni gumu, limeinamia mbele, na ukikaa macho yanakwenda yenyewe juu ya Dirisha la Kwanza. Pale upo ule msalaba wa kijani. Huwezi kuukwepa. Mimi ulinifariji kidogo. Kisha nikamfikiria yule mzee, mkewe ana siku mbili kaburini, amekaa hapa hapa na karatasi yake, anausoma ukuta wetu na kujitafuta humo asijione. Naandika hapa nisije nikasahau.

Dirisha la Pili aliita jina kamili la Mama, kama inavyotakiwa. Umri, akaandika. Kazi, nikasema alishona sare za shule, nusu ya watoto wa mtaa ule wamevaa mikono yake. Akaandika yote, ingawa nafasi kwenye fomu ni neno moja. Kisha likaja swali la kumi na moja. Je, mtoa taarifa alikuwepo marehemu alipofariki?

Swali hili nimewauliza maelfu bila kuinua macho. Ndiyo au Hapana, tia alama, anayefuata.

Nilimwinamia nikamnong'oneza aandike Ndiyo. Nikamwambia ni kisanduku tu, hakuna anayekisoma. Hakuandika. Hakunikemea pia. Aliweka kalamu mezani akangoja, na foleni nyuma yangu ikangoja. Nikasema Hapana. Akatia alama polepole, akanigeuzia fomu nitie sahihi, na juu ya fomu akaniwekea leso yake.

Nimeapa nikiwa pale dirishani. Ujanja basi. Kuanzia leo mimi ni mtu wa njia iliyonyooka.

Alhamisi, 28 Machi

Kiti cha masijala amepewa Dirisha la Pili. Nimempongeza, tena kwa moyo mweupe, karibu wote. Daftari la mali nitamkabidhi Jumatatu.

Kuna jambo la ukuta. Rangi haijapatikana bado, na mkaguzi kutoka juu anakuja wiki ijayo kuangalia kama waraka umetekelezwa. Leo Mkuu alisimama chini ya ule wa kijani, akasema angefurahi sana kikipatikana kitu cha kupafunika kwa muda. Kitu cha kawaida, kisichomhusu Mungu wa mtu yeyote. Alisema angefurahi sana. Nimesikia kwa masikio yangu. Na mwezi ujao wanatangaza nafasi ya msaidizi wa masijala.

Nikaikumbuka saa ya ukutani ya Mama. Ndefu, ya mbao, ina kioo mbele. Nimepima kwa uzi, inapafunika pote. Mama alikuwa akiitia ufunguo kila Jumapili, na sasa anaitia Dada. Jioni nimeifuata. Dada alisimama mbele yake, mikono nyuma. Nikamwambia ofisi inaihitaji kidogo. Akauliza kwa kazi gani. Nikamweleza, na safari hii sikuficha chochote: waraka, mkaguzi, ukuta wa watu wote. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema amechoka kunikatalia, nichukue, lakini nirudishe. Akanipa na ufunguo wake.

Iko hapa mezani kwangu, inagonga. Nimechukua tahadhari moja tu, isije ikahamishwa siku ambayo sipo. Daftari bado ninalo mpaka Jumatatu. Namba 0418, rangi nyeupe, ndogo, nyuma kabisa. Haionekani.

Saa haina dini. Dada nimemwahidi wiki mbili.